Vidonge Sita vya Wiki Moja

Mimi hakuna jambo linaloweza kunishtua. Naliandika hilo mwanzo ili anayesoma asidhani natafuta huruma. Niliingia Nairobi na elimu ya darasa la tano, nikaanza kwa kuwashikia watu vyuma wakichomelea, mimi bila miwani, jioni nikilala chali na vipande vya viazi vibichi juu ya kope ili moto utoke machoni. Leo karakana iliyo kando ya barabara ya Naivasha, pale Riruta, ni yangu. Ploti ya vyumba kumi na viwili vya kupangisha kule Kabiria ni yangu. Ngazi nyingi za chuma ambazo matajiri wa Muthangari hupanda kwenda kulala nimezipigia hesabu mimi, si mhandisi. Mhandisi huja na karatasi. Mimi hutazama ukuta, nikakohoa kidogo, nikasema hapa vidato ni kumi na saba. Na huwa ni kumi na saba.

Nimeibiwa mashine, nikanunua nyingine. Karakana ya kwanza ilishika moto, nikaangalia ikiisha, nikaenda kunywa chai. Kwa hiyo vidole vilipoanza kufura, sikushtuka. Niliona ni kazi.

Vilikuwa vinafura asubuhi. Naamka, ngumi haifungiki. Mke wangu alikuwa ananifunga vifungo vya shati akiwa ananiangalia usoni, na mimi naangalia dari. Ikifika saa nne vidole vinalegea, nashika kazi. Baadaye ikawa saa sita. Baadaye nikawa naangusha nyundo mbele ya watu.

Hapo lazima nieleze kitu. Nina mafundi wanane na wote wanajua kuchomelea. Lakini mshono wa mwisho, ule unaoonekana, ule mteja anapitisha kidole juu yake akitafuta kosa, huo huufanya mimi. Mtu akija kwangu kutoka Lavington na gari lake, akiruka karakana zote za njiani, anafuata mkono huu. Mkono ukikataa, mimi nabaki mtu wa darasa la tano mwenye deni la vyuma. Hilo nililijua bila kuambiwa.

Kwa miezi kadhaa nilitibiwa Kabiria, kwa duka la dawa ambalo mwenyewe tunamwita daktari kwa sababu ana koti jeupe. Alikuwa ananidunga sindano, vidole vinalala, baada ya wiki vinaamka vikiwa na hasira. Mteja mmoja akaniona nikishindwa kufungua mfuniko wa rangi. Akanipa namba ya daktari wa viungo aliye katikati ya jiji, jengo refu, lifti inayoongea. Nikaenda.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Alinishika kidole kimoja kimoja kama mtu anayechagua ndizi sokoni, akanitoa damu, akanipiga picha za mikono. Niliporudi kwa majibu akasema, "Mzee, hii ni baridi yabisi."

"Daktari, mimi sikai kwa baridi. Kazi yangu ni ya moto."

"Ni jina tu. Mwili wako una askari wa kulinda. Sasa hao askari wamegeuka, wanavunja nyumba ya mwenyewe. Wanavunja maungio ya vidole."

"Wafukuze."

"Siwezi kuwafukuza wote, utabaki bila mlinzi. Tutawatuliza."

Dawa yenyewe inaitwa methotrexate. Ni vidonge vidogo vya njano, havina hata ukubwa wa punje ya hindi. Alinieleza kwamba ni dawa ya zamani, kwamba wagonjwa wa kansa huitumia kwa kipimo kikubwa, na sisi wa viungo kwa kipimo kidogo. Vidonge sita, mara moja kwa wiki. Kisha kuna vingine, asidi ya foliki, vya siku nyingine tofauti, vya kuulinda mwili. Kisha damu ipimwe baada ya wiki mbili, na tena baada ya mwezi.

"Siku moja kwa wiki, mzee. Chagua siku yako. Hebu rudia nilichosema."

Nikarudia neno kwa neno. Akafurahi. Kwa hiyo mtu asiseme sikusikia. Nilisikia vizuri sana.

"Na vidole vitapona lini?"

"Miezi miwili, mitatu. Hii dawa haina haraka."

Mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimechukua kazi ya Muthangari, geti kubwa na ngazi za ghorofa nne, malipo ya kwanza nimeshapokea na vyuma nimenunua.

Kwa vile maduka ya katikati ya jiji huwa na bei ya watu wa kufunga tai, nilibeba ile karatasi ya dawa hadi Riruta. Msichana wa dukani aliisoma, akanirudishia juu ya meza, akasema kwa sauti ya kuita gari, "Hii hatuna, mzee. Hii ni ya kansa. Jaribu tao."

Nyuma yangu alikuwa amesimama mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, amekuja kuwanunulia wajukuu dawa ya minyoo. Aliniangalia na lile jicho ambalo watu hubeba kwenda nalo matangani. Alinishika begani tu, akasahau hata dawa ya minyoo, akatoka.

Dawa niliinunua tao, huko katikati ya jiji, siku hiyo hiyo. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa amefunga kibanda chake cha mboga mapema, na si kawaida yake.

"Baba, keti."

"Nimekaa."

"Una kansa?"

"Nani amesema?"

"Usiniulize nani amesema. Nimepewa pole na watu watatu nikipima vitunguu. Wa tatu amelipa na akakataa chenji."

"Sina kansa. Nina vidole."

"Vidole kila mtu anavyo."

Nikamweleza mambo ya askari na nyumba. Akachukua pakiti, akaigeuza, akampa binti yetu wa mwisho asome ile karatasi ya ndani. Yule mtoto akasoma kwa Kiingereza chake cha sekondari, na kila akifika mahali penye kansa, mke wangu alikuwa anavuta pumzi. Kutoka siku hiyo akawa ananiangalia nikila. Akina mama wakaja kuomba. Wapangaji wawili wa Kabiria wakachelewesha kodi, nadhani walikuwa wanangoja kuona watamlipa nani.

Halafu kaka yangu akapiga simu kutoka nyumbani, magharibi.

"Ndugu yangu, nasikia."

"Unasikia nini?"

"Sisi hatutaki kuingilia. Lakini wewe hujajenga huku. Nairobi una vyumba kumi na viwili, kwa boma la baba una nyasi. Sasa mtu bila nyumba tutamlaza wapi? Kwa jikoni ya mama?"

"Kwani mmepanga nife lini?"

"Hapana, hiyo wewe ndiye utatuambia."

Kwetu ni kweli, mwanamume hazikwi bomani kama hana nyumba hapo. Sikumkasirikia. Alikuwa anafanya kazi yake ya ukaka. Lakini nilikata shauri moja: dawa hii itakuwa mambo yangu na mimi. Nikaihamisha kutoka nyumbani, nikaiweka karakana, ndani ya mkebe wa grisi uliooshwa, juu ya rafu ya bawaba. Nyumbani nikasema daktari amebadilisha matibabu, sasa ni mafuta ya kupaka.

Siku niliyochagua ilikuwa Jumapili. Ndiyo siku sina kazi. Nikitoka kanisani napitia karakana, nafungua mkebe, nameza vidonge sita na soda, naenda nyumbani kula. Jumapili ya kwanza sikusikia kitu. Jumatatu nikaamka tumbo linazunguka kama mashine ya zege. Sikutapika, lakini sikuweza kusimama karibu na moshi wa vyuma. Nilifika kazini saa tano.

Asiyefanya kazi za mikono za jua kali hawezi kuelewa uzito wa neno hilo, saa tano ya Jumatatu. Kwetu sheria ni moja na haijaandikwa popote: fundi asiyeonekana Jumatatu asubuhi ni mlevi. Haulizwi. Jumamosi tunalipana, Jumapili mshahara unanywewa, Jumatatu tunahesabu waliobaki. Mimi sijawahi kuonja pombe maishani, na nimefukuza watu kwa ajili ya Jumatatu. Nyapara wangu, mtu wa Machakos ambaye nimekaa naye tangu karakana ya kwanza, aliniona nikishika ukuta.

"Bosi, pole. Wikendi ilikuwa kali?"

Wengine wakainama juu ya vyuma vyao, mabega yanacheka.

Jumatatu ya pili ikawa vile vile. Mmoja akaniletea supu ya mifupa bila kuagizwa. Supu ya mifupa, kama tunavyowapa walevi. Nikainywa kwa sababu kuikataa kungekuwa kukiri ugonjwa.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kupimwa damu. Ikatoka safi. Nikaona mtihani nimepita, kilichobaki ni kupanga kazi vizuri.

Nikapanga hivi. Vidonge ni sita. Siku za kazi ni sita. Nikimeza kimoja Jumatatu, kimoja Jumanne, hivyo hivyo mpaka Jumamosi, wiki ikiisha nimemeza sita, na Jumapili napumzika kama watu wote. Daktari amepata sita vyake, mimi nimepata Jumatatu yangu. Chuma cha futi sita ni futi sita, ukikikata vipande au usipokikata. Hesabu hiyo niliiangalia kila upande nikakosa ufa. Mafundi hufanya hivyo kila siku: mzigo usiobebeka mara moja unabebwa kidogo kidogo, na unafika.

Na ile asidi ya foliki? Nilipoitazama vizuri niliitambua. Ni vidonge vile vile ambavyo mke wangu alikuwa anarudi navyo kliniki akiwa mjamzito, kwa watoto wetu wote wanne. Nikaona yule daktari msichana amenichanganya na mtu mwingine. Mwanamume wa umri wangu ameze dawa ya mimba? Nikaviacha ndani ya mkebe.

Mpango ulifanya kazi. Tumbo likatulia. Jumatatu nikawa wa kwanza kufungua geti, na nilihakikisha kila mtu ameona. Hata vidole vilianza kulegea mapema kidogo asubuhi. Siku ya kupimwa damu baada ya mwezi ilipofika, tulikuwa tunasimamisha nguzo Muthangari. Nikasema damu ilikuwa safi juzi, haiwezi kuwa imechafuka na mimi sijafanya kitu.

Kwanza ulikuwa mdomo. Vidonda ndani ya mashavu, juu ya ulimi, kama nimelamba kiberiti. Chai ikawa haipiti. Mke wangu akanikuta nimekaa na ugali unapoa.

"Mbona huli?"

"Nimechomwa na uji kazini."

"Uji gani wa kuchoma mtu wiki nzima?"

Halafu mswaki ukawa unatoka na damu. Halafu alama nyeusi kwenye mikono na mapaja. Hizo nilisema ni vyuma, na kwa kweli vyuma hunigonga kila siku. Halafu uchovu, si ule wa kazi, ni uchovu wa mtu aliyebebeshwa gunia akiwa amelala. Nilijiambia ni umri.

Siku ya kuning'iniza geti nilikuwa nimeshika bawaba ya juu, nyapara ameshika ya chini, wengine wawili wamebeba uzito. Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa natetemeka.

"Bosi," nyapara akasema, "meno yako iko na damu."

"Ni nyanya."

"Nyanya umekula saa ngapi, na tumekula madondo ya maharagwe tu?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Badala yake nikaenda chini. Walisema nilishuka polepole, bila kuachilia bawaba, ikabidi wanibandue vidole kimoja kimoja. Walinilaza nyuma ya pikapu juu ya maturubai, wakanipeleka hospitali, mke wangu akafuata na aproni ya kibanda.

Hospitalini walinitoa damu, kisha wakanitoa tena kwa sababu hawakuamini ile ya kwanza. Wakaniuliza nameza dawa gani. Niliposema, wakaita daktari wa viungo kutoka tao. Alikuja jioni hiyo, akasimama upande wa kitanda.

"Mzee, unameza vipi ile dawa?"

"Vile uliniambia. Sita kwa wiki."

"Siku gani?"

"Jumatatu kimoja, Jumanne kimoja, Jumatano kimoja..."

Akateremsha kalamu. "Na Jumapili?"

"Jumapili tunapumzika."

"Nani anapumzika?"

"Mimi na dawa."

Hakucheka. Akavuta kiti, akakaa. "Hesabu yako ni sawa," akasema. "Ni sita. Lakini mwili hauhesabu hivyo. Ukimeza vyote siku moja, dawa inapita, inapiga, inaondoka, halafu mwili unapata siku sita za kujijenga. Damu inajijenga, mdomo unajijenga. Wewe ulikuwa unaipiga kila asubuhi kabla haijainuka. Kidogo, ndiyo. Lakini kila asubuhi."

Nililielewa jambo hilo upesi kuliko alivyotarajia, kwa sababu liko katika kazi yangu. Bati jembamba linaharibika kwa kukosa nafasi ya kupoa. Mwanagenzi huchomelea mfululizo, kidogo kidogo, anadhani anakuwa mwangalifu, na bati linajikunja kama jani. Fundi huchomelea, huacha, huenda upande mwingine, hurudi likiwa baridi. Nimewafundisha watu hilo miaka yote. Nilimwambia daktari. Akasema ndiyo, ni hivyo hasa.

"Na vile vidogo vya kukulinda? Vya foliki?"

Nikamwambia vimo kwenye mkebe, sikuvimeza. Mke wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Vidonge vipi hivyo?" akauliza.

"Wanawake wajawazito hupewa pia," daktari akamweleza.

Mke wangu aligeuka polepole. "Ulikataa kumeza kwa sababu ni za mimba? Mimi nimezimeza mara nne, Baba. Sijaota ndevu, wewe ulidhani utaota nini?"

Muuguzi aliyekuwa akifunga dripu akatoka nje haraka.

Baada ya hapo daktari akasema mambo ambayo hayakuwa ya kuchekesha. Damu yangu ilikuwa imeishiwa askari, wabaya na wazuri. Mafua ya mtoto yangeweza kuniua. Chembe za kugandisha damu nazo zilikuwa zimekwisha, ndiyo maana meno yalitoka damu. Wataniwekea dawa ya kukata ule ukali, ambayo, akasema, ni ndugu mkubwa wa ile foliki niliyoiacha kwenye mkebe. Wataniwekea dawa za kuua vijidudu. Kisha tutangoja damu iamue kama itarudi.

"Na isiporudi?"

"Tungoje kwanza."

"Na mikono?"

"Mzee, mikono baadaye. Kwanza uwe hai."

Waliniweka chumba cha peke yangu, na kila aliyeingia alifunika mdomo. Dawa ya njano walikuwa wameikatiza, kwa hiyo vidole vilirudi kufura, na homa juu yake. Sikuweza kushika kijiko. Mke wangu alinilisha uji baridi, yeye barakoa mimi vidonda, kwa hiyo hatukuongea sana. Mara nyingi nilikuwa nimelala nikiiangalia mikono juu ya shuka. Ilionekana kama ya mtu mwingine, mtu aliyekufa maji. Nilifikiri kwamba nikifa, nitakuwa nimekufa kwa kuchagua Jumatatu. Nililifikiri kama mtu anayesoma bango akiwa ndani ya gari. Sikuogopa sana. Mtu mwenye homa hana nafasi ya kuogopa.

Watu wa kanisa walikuja, wakazuiwa. Mchungaji akaomba akiwa nje, kiganja kimebandikwa kwenye kioo cha mlango, akikemea kansa kwa nguvu. Mke wangu akatoka kumwambia si kansa. Mchungaji akasema maombi yameshatumwa.

Kila asubuhi walikuja kunitoa damu, na kila mchana daktari akapita kusema. Imeshuka tena. Imeshuka kidogo. Imesimama. Siku ile ya kusimama mke wangu aliuliza kusimama ni kuzuri au kubaya, na daktari akasema ni kusimama tu. Kesho yake alikuja asubuhi badala ya mchana, na kabla hajafika kitandani akasema, "Imeanza kupanda." Mke wangu akaketi juu ya miguu yangu bila kuangalia anapoketi. Mimi nilisema asante, nikaomba chai ya moto. Wakakataa.

Damu ilipofika mahali pa kuridhisha, nilimwambia daktari sitaki kuiona ile dawa ya njano tena maishani.

"Dawa haikukosea," akasema. "Kuna nyingine, za sindano. Moja kwa mwezi inaweza kumaliza kodi ya ile ploti yako yote. Unataka?"

"Hapana."

"Basi damu ikipona kabisa tutaanza tena chini, vidonge vitatu. Siku moja. Safari hii mama atajua, na mtu mmoja kazini atajua."

"Kazini haiwezekani."

"Basi utakaa na hivyo vidole."

Alikuwa amenishika mahali pa kushikwa. Tukakaa na mke wangu kutafuta siku. Jumapili ilishakataa. Katikati ya wiki kuna wateja. Tukaishia Ijumaa jioni, maana yake Jumamosi mimi si mtu, na Jumamosi ndiyo siku ya kulipa watu. Mshahara wa karakana yangu haujawahi kutolewa na mkono mwingine. Nilimwita nyapara, nikamweleza yote, dawa, Jumatatu, supu, mkebe. Akasikiliza, kofia mkononi.

"Kwa hivyo bosi hukuwa unakunywa?"

"Hata siku moja."

"Sisi tulikuwa tumeshakusamehe," akasema.

Tangu hapo yeye ndiye hulipa Jumamosi. Watu huipokea pesa kwake bila shida yoyote. Nilidhani kutakuwa na shida.

Ile foliki namezeshwa nyumbani Jumanne, mke wangu amesimama mbele yangu na glasi ya maji. "Mimba ya miezi mingapi sasa?" huuliza. Akina mama wa kanisa wakiwa hapo, huongeza sauti. Nameza, naonyesha ulimi, kazi inaendelea. Damu napimwa siku niliyoambiwa, hata kama Yesu mwenyewe anasimamisha nguzo.

Mikono haikurudi siku moja. Kulikuwa na mwezi mzima sikuona tofauti, nikawa nakaa karakana kama mgeni, nikiwaonyesha watu kwa kidevu. Mwezi wa tatu, asubuhi, nilifunga vifungo vya shati vyote kabla sijagundua kwamba nimevifunga. Siku hiyo nilimwondoa kijana mmoja kwenye reli ya ngazi, nikavaa kinyago, nikapiga mshono kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika mkono. Nilipoinua kinyago nyapara alikuwa amesimama. Akapitisha kidole juu yake, kama mteja. Kidole hakikukwama popote, akarudi kwenye kazi yake, na hiyo kwa mtu wa kazi yetu ni sifa.

Geti la Muthangari lilimalizwa na mtu mwingine. Mwenyewe alingoja mpaka akachoka, na alikuwa na haki. Napita pale mara kwa mara nikienda kwa wateja. Mshono wa bawaba ya juu umekaa kama mavi ya kuku.

Watu wa kazi yetu, ukitoka hospitali, hawakuulizi ulipona vipi. Wanauliza ilikula ngapi, kwa sababu kesho inaweza kuwa wao. Nawaambia bila kuongeza na bila kupunguza. Hospitali, baada ya bima ya serikali kutoa sehemu yake, maabara, zile dawa za kuirudisha damu, na malipo ya kwanza ya Muthangari niliyomrudishia mwenyewe yote, mkononi, mbele ya geti lake. Hakuna aliyenichangia hata senti. Jumla ilikuwa shilingi laki mbili na elfu arobaini na tatu, mia saba na kumi na tano.